Ukiripoti ajali ya kiwandani, fungua faili

Waandishi chipukizi wanaponiuliza waanzie wapi ajali ikitokea kiwandani, huwaambia waende eneo la tukio kama wenzao wote, kisha wafungue faili. Moshi na machela hutoa picha za siku mbili. Kesi huchukua miaka.

Tazama Bhopal, India. Usiku wa kuamkia Desemba 3, 1984, gesi ya methili isosayaneti ilivuja katika kiwanda cha viuatilifu cha Union Carbide na kuua maelfu ya watu. Mwandishi wa mji huohuo, Rajkumar Keswani, alikuwa ameonya tangu 1982 katika kijigazeti chake cha kila wiki, na hakuna aliyemjali. Kilichomsukuma kuanza kuchimba ni kifo cha mfanyakazi mmoja. Mmoja tu! Vyumba vingi vya habari kifo cha namna hiyo hukipa aya mbili, tena ukurasa wa ndani. Kwa hiyo usidharau ajali ndogo. Uliza mtambo ulikaguliwa lini mara ya mwisho, nani alitia saini, na ripoti iko wapi.

Fidia ya Bhopal, dola milioni 470, ilikubaliwa 1989, ilhali serikali ya India ilianza kwa kudai zaidi ya bilioni 3. Hukumu ya jinai dhidi ya mameneja wa Kihindi ilitoka 2010: miaka miwili jela kwa kila mmoja wa saba, na wakapata dhamana. Mhariri aliyetuma watu kule 1984 huenda alikuwa keshastaafu. Faili halistaafu.

Weka humo majina ya wafanyakazi walioumia au kufa, zamu zao, mkandarasi aliyewaajiri, na hospitali walikopelekwa. Idadi ya waliokufa iandike pamoja na aliyeitoa. Kwa Bhopal, serikali ilianza na vifo 2,259. Baadaye fidia ya vifo ililipwa kwa zaidi ya 5,000, na mashirika ya manusura yanataja idadi kubwa zaidi kuliko hizo. Ukichapa tarakimu moja bila mwenyewe, umeshachagua upande.

Kuna jambo moja ambalo sikufundishwa darasani. Omba kuona karatasi ambazo familia zimepewa kutia saini. Niliwahi kuonyeshwa fomu iliyoitwa ya msaada wa mazishi. Kifungu cha mwisho kilisema mpokeaji hatadai kitu kingine chochote. Habari yote ya siku ile ilikuwa hapo, kwa maandishi madogo.

Vitu navyo hutoa ushahidi. Jengo la Rana Plaza, lililokuwa na viwanda vya nguo, lilipoporomoka Bangladesh, Aprili 24, 2013, na kuua watu 1,134, lebo za nguo zilizopigwa picha kwenye kifusi zilifanya kampuni za ng'ambo zishindwe kukana kwamba zilishonewa humo. Nyufa zenyewe zilikuwa zimeonyeshwa kwenye televisheni siku moja kabla.

Kuhusu manusura, punguza maswali ya "unajisikiaje". Mama mmoja aliniambia amechoka kulizwa mbele ya kamera kila mwaka. Alichotaka ni kujua kesi yao itatajwa lini. Nilimtafutia tarehe, kisha nikaichapisha pamoja na namba ya chumba cha mahakama, maana hakuwa peke yake asiyejua.