Barua kwa Tumaini: kuhusu Eze na karakana

Mwanangu Tumaini,

Hapa hatujambo. Goti la mama yako limepungua kuuma, mvua imechelewa ila mahindi ya bondeni yameshika. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza peke yangu kwanza, halafu na mama yako, halafu mwanao Eze akaudaka mlangoni akauliza, "Ni mimi mnazungumziwa?" Tukamwambia akalete kuni.

Umeuliza kama mtoto akifika kidato cha kwanza achukue mkondo wa amali, ule wa ufundi, hapa shule yetu ya kata, au mumchukue Dar asome mkondo wa jumla. Ukaongeza maneno uliyoyasikia kazini kwenu, kwamba amali ni ya watoto ambao kichwani hamuingii kitu. Hilo la kichwani silijibu. Wewe umesomeshwa kwa vitanda nilivyotengeneza. Kile cha sita kwa sita cha Mama Upendo ndicho kilichokupeleka kidato cha tano, na aliyekitengeneza alipiga hesabu zake zote kwa penseli iliyokaa nyuma ya sikio. Tuliache.

Nilikwenda shuleni mwenyewe. Mkuu wa shule ni kijana msikivu, alinikalisha akanieleza. Kwamba sera hii ni ile ya 2014 iliyotolewa upya 2023, na mitaala yake ikaanza Januari 2024. Kwamba mtoto wa amali hasomi ufundi mtupu, bado ana Hisabati na Kiingereza chake, na mwisho anapimwa kwenye masomo na kwenye fani pia. Akanikumbusha kwamba mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza kwa pamoja, kwa hiyo Eze wetu ataingia kidato cha kwanza 2028 katikati ya msafara wa watoto. Hayo yote nimeyaelewa, wala sina ugomvi nayo.

Kisha akanipeleka karakana. Jengo zuri, limepauliwa, lina madirisha makubwa. Mashine ya kupasulia mbao bado imo ndani ya boksi, maana inataka umeme wa fezi tatu na nguzo zilizofika shuleni zimeleta fezi moja. Benchi zipo. Jiriwa za kubania mbao zimefungwa kwenye benchi, na bado zina nailoni zake za dukani. Mkuu wa shule alikuwa akinionyesha mashine, mimi nikawa natazama sakafu. Safi kabisa. Hakuna hata maranda ya kuokota, achilia mbali vumbi la mbao. Mwalimu wa fani hajapatikana. Kwa sasa anayeshikilia ni mwalimu wa Fizikia, naye masikini ana vipindi vyake.

Zile nailoni, Tumaini, zilinirudisha 1983.

Unajua nilisoma kituo cha ufundi, lakini nadhani sijawahi kukusimulia kwa nini sikumaliza. Vilikuwa vile vituo vilivyoanzishwa miaka ya sabini kwa ajili yetu tuliomaliza la saba tukakosa sekondari. Vifaa tulikuwa navyo. Wafadhili walileta makasha ya mbao yenye vishikio vya kamba, na ndani kila patasi na kila randa imeviringishwa karatasi yenye grisi. Harufu ya ile grisi naikumbuka hadi leo, kwa sababu ndiyo pekee iliyokuwa ikitoka stoo. Sisi tulichora randa kwenye daftari. Tukaweka mishale: kisu, kabari, mpini. Mtihani ulipokuja niliongoza.

Mwalimu wetu hakuwa mtu mbaya. Mwaka ule ndio ule wa msako wa wahujumu uchumi, Sokoine akiwa Waziri Mkuu, na watu walikuwa wakitupa bidhaa vichakani usiku wasikutwe nazo. Dukani msumari hakuna. Sasa randa moja ya mali ya umma ikipotea, nani angemwamini kwamba imeibwa na siyo kwamba ameiuza? Akafunga stoo, ufunguo akauvaa shingoni. Simlaumu. Namlaumu kidogo.

Siku moja tukaambiwa wageni wanakuja kutoka mkoani. Stoo ikafunguliwa asubuhi. Kila mtu akapewa kifaa chake cha kushika, tukasimama kwenye benchi zetu. Katikati ya chumba kikawekwa kitanda cha futi nne, vanishi yake bado inanata, na mimi nikapangwa upande wa kichwani. Kitanda hicho hatukukitengeneza sisi. Kilikuwa kimeazimwa kwa fundi mmoja wa Mafinga.

Mgeni akazunguka, akafika kwangu. "Kijana, wewe hapa umefanya nini?" Kabla sijafungua mdomo mwalimu akadakia: "Huyo ndiye aliyechonga miguu." Mgeni akanipiga bega, akasema taifa linajengwa na mikono ya namna hii. Nikaitazama mikono yenyewe, ilikuwa na wino wa kalamu. Tukapigwa picha. Sijawahi kuiona hiyo picha na sitaki kuiona.

Jioni vifaa vikarudi kwenye makasha, na mimi nikawa miongoni mwa waliokibeba kitanda kukirudisha. Yule fundi akakikagua kila upande, akakuta mkwaruzo, akauliza ni nani kati yetu anajua kupiga msasa. Kimya. Nikamwambia kwamba kwa mujibu wa mwalimu wetu, mimi ndiye niliyechonga ile miguu. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akanisogezea kopo la misumari iliyopinda pamoja na nyundo, maana misumari mipya hakuna, akasema ninyooshe. Kituoni sikurudi tena. Fundi huyo ndiye Mzee Zakaria, yuleyule uliyekuwa ukimwita Babu Vumbi.

Mzee Zakaria alisoma Ifunda enzi za mkoloni, ile shule ya ufundi iliyofunguliwa 1951 katika makambi waliyokaa wakimbizi wa Kipolandi wakati wa vita. Alikuwa na cheti, lakini hakukitundika. Kilichotundikwa ukutani ni mlango wa kabati. Habari zake ni hizi: mwalimu mmoja wa kike alinunua kabati kwetu, akakaa nalo hadi kiangazi, milango ikajikunja isifunge. Siku ya gulio akalileta kwa mkokoteni akaliweka barabarani, mbele ya karakana, watu wote wanapita. Hakutukana. Alikaa tu pembeni yake kwenye kigoda, anasuka mkeka. Mzee Zakaria hakubishana, akalibomoa mbele yake akalianza upya. Tangu siku hiyo mbao zetu zilipangwa kwa vijiti katikati upepo upite, na hakuna aliyethubutu kugusa mbao mbichi ya paina, hata mteja awe na haraka namna gani.

Nimekwambia mara nyingi na nitarudia: fundi anafundishwa na mteja. Mwalimu anaweza kukuonyesha patasi inavyoshikwa, lakini anayekufundisha kwa nini ni yule atakayelala kwenye kitanda chako.

Kwa hiyo swali lako mimi ningeliuliza hivi: kazi za hiyo karakana nani atazichukua? Tazama tunapoishi. Sao Hill ndilo shamba kubwa la miti la serikali nchini, liko hapa Mufindi. Kila upande unasikia dingidongi, zile mashine za kupasulia magogo, zinapasua. Malori yanatoka Mafinga usiku yamejaa mbao, zinakwenda Keko, Dar, kuwa vitanda na makochi, na pesa ya ufundi inabaki hukohuko Keko. Shule yenyewe ina madawati yaliyovunjika yamerundikwa nyuma ya jiko, na nyumba ya mwalimu haina mlango wa uani. Wateja si hao? Nilimuuliza mkuu wa shule, akasema bado wanasubiri mwongozo.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo nilipofurahi. Baada ya hapo nilipanda bodaboda hadi shule ya wenzetu kata ya pili, nao wana amali. Karakana yao ni banda tu. Walichonacho ni misumeno ya mkono, randa kadhaa za zamani, na fundi wa kijijini anayekuja kumsaidia mwalimu. Maranda yanafika kwenye vifundo vya miguu. Nikaokota ubao nikaupima kwa mkono, nikamwambia binti mmoja wa kidato cha pili kwamba ule unafaa kwa fremu. Akaupokea, akauweka shavuni, akatulia. "Babu, huu bado una baridi. Haujakauka." Tumaini! Mimi na mvi zangu! Nikauweka shavuni kwangu, na kweli ulikuwa na unyevu. Nikamuuliza nani kamfundisha. Akasema mlango wa ofisi ya mtendaji wa kata waliutengeneza wao, ukavimba, na mtendaji akawaita waje waurekebishe mbele ya watu waliokuja kwenye kikao.

Umeona? Fundi anafundishwa na mteja.

Lakini ngoja nijibishane na nafsi yangu, maana mama yako amekaa hapa na keshaanza kuguna. Mteja wa kijijini anafundisha kile tu anachokijua. Anataka kitanda, mlango, jeneza. Hatakufundisha mashine ambayo hajawahi kuiona, wala kusoma ramani, wala umeme wa jua. Tukimwachia mteja peke yake, watoto watatengeneza vilevile nilivyotengeneza mimi, kwa bei ileile. Na kuna jingine. Shule ikianza kupokea kazi za watu, nani atazuia mtoto asigeuzwe kibarua? Mimi ni mtoto wa Elimu ya Kujitegemea. Wazo lilikuwa zuri, wala simkosoi Mwalimu Nyerere. Lakini nililima shamba la shule hadi mikono ikaota sugu, na mahindi yale yalikwenda wapi hadi leo hakuna aliyetusomea hesabu.

Halafu kuna suala la baba yako mkubwa Festo. Unalijua, sitalirudia lote. Mkono wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Lakini alipouza shamba lake la paina kwa yule mfanyabiashara, miti ikiwa bado michanga, walikadiria kwa macho, na yeye hesabu ya ujazo hakuijua. Miti ilipoangushwa na kupasuliwa ndipo alipoona alichokiachia. Kwa hiyo usinisikie nikisema ufundi ubaki peke yake. Mtoto wa msituni asiyejua kupiga urefu mara upana mara kimo atakatwa yeye kabla ya mti. Ndiyo maana wewe nilikusisitizia vitabu, na sijutii hata siku moja.

Mama yako anasema kuna njia ya tatu: Eze amalize kidato cha nne kwa jumla, akiona mikono inamuwasha ndipo aende chuo cha ufundi cha VETA, kama Aneth wa shangazi yako. Aneth alisoma umeme VETA Iringa, na sasa anafunga nyaya nyumba za Kinyanambo, hashikiki. Ni kweli. Ila mimi namuuliza mama yako, huyo mtoto akae miaka minne akichora randa kwenye daftari wakati mikono yake tayari inajua kitu? Juzi alirekebisha bawaba ya banda la kuku bila kutumwa. Kakata kipande cha tairi la baiskeli, kakipigilia juu na chini, mlango unajifunga wenyewe. Nilijifanya sijaona.

Na upande wa pili: Dar ana wewe, ana vitabu, ana mwalimu wa Hisabati anayeingia darasani. Hilo nalo si dogo. Shule ya kwetu sasa haina mwalimu wa fani, na mimi siwezi kukwambia umwache mtoto katika jengo lenye nailoni kwa matumaini kwamba 2028 zitakuwa zimetolewa. Zinaweza kuwa zimetolewa. Mkuu wa shule aliniuliza kama ningekubali kuja siku mbili kwa wiki kuwasaidia. Nikamwambia nitakuja, mradi stoo isifungwe na kazi ya kwanza iwe yale madawati ya nyuma ya jiko. Akasema ataandika barua kwa mkurugenzi. Ninaingoja.

Kwa hiyo usinibane nikupe jibu la moja kwa moja. Mtoto ni wako na mumeo, na mkwe wangu namheshimu, sitaki kesho aseme mzee alimshikisha mwanawe randa kwa nguvu. Nilikuwa nimeliandika jibu kabisa hapo juu, mama yako akanilazimisha nilikate. Alama ya kukata utaiona.

Fanyeni hivi. Mkija Desemba msirudi haraka kama mwaka jana. Siku moja twende wote shule yetu, siku nyingine tupande hadi kwa wenzetu, na Eze awepo. Msimwambie kitu. Mwacheni azunguke, muone wenyewe wapi anasimama muda mrefu na anauliza nini. Na ukija uniletee msasa namba themanini na ule laini kabisa, wa huku unachakaa kabla ya kazi. Dumu la asali tumeshakuwekea.

Ukishaona kwa macho yako halafu ukaniuliza tena, basi nitakujibu, na mama yako hatanizuia.

Ni mimi baba yako.