Kutapika baada ya dripu: msingoje aanze

Siku ya dripu ya kemo, yaani dawa za saratani, yenyewe mara nyingi si mbaya. Mgonjwa bado ana nguvu ya dawa za kuzuia kutapika alizopewa kabla ya kemo, anarudi nyumbani anaongea, ndugu mnapumua. Kwa mama yangu, aliyekuwa akichomwa cisplatin, mojawapo ya dawa za kemo, katika hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, shughuli ilikuwa siku ya pili na ya tatu. Dawa hiyo ndivyo ilivyo: inatapisha ndani ya saa 24 za kwanza, kisha inaweza kurudi tena na kusumbua siku kadhaa.

Kwa hiyo vidonge mlivyopewa kwenda navyo nyumbani anywe kwa saa zake, hata kama anajisikia mzima. Wazee wetu wanapenda kuweka dawa akiba, "nikizidiwa nitameza". Akishaanza kutapika, kidonge nacho kinatoka. Kati ya vidonge hivyo vya kuzuia kutapika, deksamethasoni tulimpa asubuhi akishatia kitu tumboni, maana ikinywewa jioni inafukuza usingizi. Olanzapini, kwa walioandikiwa, ni ya usiku kwa sababu inalaza. Ondansetroni hufunga choo, na choo kikifunga kichefuchefu kinazidi, kwa hiyo mwambieni daktari mapema awape cha kulainisha.

Jikoni adui ni harufu. Kitunguu kikigusa mafuta tu, mama alishajua akiwa chumbani. Jiko likahamia uani. Chakula kilichopoa hakinuki sana: uji, viazi vya kuchemsha, tikiti, kidogo kidogo mara nyingi. Chai ya tangawizi ilimtuliza kiasi, ila haishiki nafasi ya vidonge. Na chakula akipendacho kuliko vyote msimpe siku hizo, akikitapika anaweza kukichukia moja kwa moja. Mama na samaki wa kupaka waliachana hivyo. Wageni waliojipulizia manukato tuliwapokea barazani, wengine walinuna, basi.

Mkirudi kliniki msiseme "alitapika kidogo tu". Semeni siku gani, mara ngapi, ili dawa zibadilishwe kabla ya dripu nyingine. Kutapika kusipozuiwa mapema, wapo wanaofikia kutapika wakiliona tu geti la hospitali.

Akishindwa kubakiza hata maji siku nzima, mkojo ukawa mchache na wa rangi nzito, akitapika damu au akichanganyikiwa, mpelekeni usiku huo huo. Vivyo hivyo homa ikifika nyuzi 38: kinga huwa chini baada ya kemo, msimpe panadoli mkangoja kuche.