Paka na fataki: usimtoe uvunguni, mwandalie chumba mapema

Mkuu, umeuliza kama umvute paka wako uvunguni umbembeleze fataki zikianza, na kama kuna dawa ya kumtuliza. Usimvute. Kujificha ndiko kunakomtuliza. Ukimkumbatia kwa nguvu atakukwaruza na kuchomoka, na hapo mlango ukiwa wazi kwa sababu ya wageni, ameshapotea. Akija mwenyewe kwako, mpapase kadiri anavyotaka. Hiyo haimfundishi uoga.

Kazi yako ni kumpa maficho bora kuliko uvungu, na uanze wiki nzima kabla ya sikukuu. Tafuta chumba cha ndani chenye madirisha machache. Laza boksi la katoni ubavu, mdomo wake uelekee ukutani huku ukiacha nafasi ya yeye kupita, kisha utandike ndani fulana uliyoivaa bila kuifua. Harufu anayoijua inamtuliza kuliko blanketi jipya. Choo chake kikae kona moja, chakula na maji kona ya mbali, kwa kuwa paka wengi hawapendi kula karibu na choo. Mlishe humo kila siku na mlango uwe wazi. Wengi hukosea hapa: wanamfungia kwa mara ya kwanza usiku wa sherehe, naye anakiona chumba kama mtego, anakwangua mlango mpaka kucha zinavuja damu.

Siku yenyewe, alasiri mchezeshe kwa kamba dakika 10 hadi 15, kisha mpe mlo wake mkubwa. Paka akishawinda na kula, hulala. Mfungie jua likiwa bado halijazama. Madirisha yafungwe kwa komeo, maana wavu wa mbu haumzuii paka aliyepagawa. Shusha mapazia na uache taa ikiwaka ili mimweko ya nje isionekane sana. Washa feni au redio kwa sauti ya wastani saa moja kabla. Hufuniki milipuko kwa redio, na ukijaribu utamwongezea kelele. Unapunguza tu tofauti kati ya kimya na kishindo, kwa sababu kinachomshtua zaidi ni ile ghafla.

Kama una paka wawili, watenge, hata kama wanalala pamoja kila siku. Paka aliyeshtuka anaweza kumrukia mwenzake aliye karibu, na uhasama huo unaweza kuendelea wiki kadhaa baada ya kelele kuisha.

Kuhusu dawa: kwa paka anayekataa kula au anayejikojolea kwa hofu, zungumza na daktari wa mifugo mapema. Madaktari wengi huandika gabapentini, dawa ya kupunguza wasiwasi, inayotolewa saa 2 hadi 3 kabla ya kelele. Omba dozi ya majaribio uitumie siku tulivu, ili uone kama inamlegeza kupita kiasi. Ukipewa asepromazini, dawa nyingine ya usingizi, peke yake, uliza kwanza: inaulegeza mwili lakini hofu inaweza kubaki palepale, tena paka wengine huzidi kushtushwa na sauti. Parasetamoli usimpe kamwe, hata kipande. Inaua paka.

Kama ana chipu, kile kidude cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi, hakikisha imesajiliwa kwa namba yako ya simu ya sasa, na kola iwe ya kufunguka yenyewe ikinasa, la sivyo inaweza kumnyonga. Piga picha zake za karibuni, pande zote mbili. Akitoroka, usianzie mbali: paka wa ndani kwa kawaida hujibana nyumba chache tu kutoka kwake. Mtafute usiku wa manane kukiwa kimya, kwa tochi, ukimulika chini ya magari na mashimo ya mifereji. Macho yake yatang'aa. Usimwite kwa kupiga kelele.

Asubuhi okota mabaki ya fataki uani kabla ya kumfungulia, kisha angalia choo na bakuli. Saa 24 bila kula chochote ni sababu ya kumpigia daktari, maana ini la paka huharibika upesi akishinda njaa. Dume akirudi chooni mara kwa mara, akijikamua na mkojo hautoki, mpeleke saa hiyohiyo, hata kama ni sikukuu. Hofu inaweza kuchochea njia ya mkojo kuziba, na akicheleweshwa siku moja au mbili anaweza kufa.