Mama Amepotea, Mtaa Umeshahukumu: Maswali ya Wasomaji na Majibu

Barua za safari hii zinazunguka jambo moja. Mama wa watoto anatoweka, watu wanakumbuka kwamba alikuwa ametengana na mumewe, na kabla polisi hawajaandika ukurasa wa pili mtaa umeshamtaja muuaji. Majina ya walioandika tumeyaondoa kwa sababu uchunguzi wa baadhi ya mambo haya haujaisha.

SWALI: Kwenye ploti yetu mama mmoja hajaonekana siku nane. Usiku wa mwisho niliona gari linalofanana na la mume wake waliyetengana, limeegeshwa karibu na geti. Kundi la WhatsApp la wapangaji limeshasambaza picha ya huyo mume pamoja na namba ya gari, na wananisukuma nami niandike nilichoona. Niandike?
Mpangaji, Umoja

JIBU: Kundini usiandike. Nenda kituo alikotangazwa kupotea, uliza namba ya OB (kitabu cha matukio cha kituo) na afisa aliyekabidhiwa faili, uandikishe taarifa kwake.

Neno "linalofanana" ndilo lenye uzito katika barua yako. Leo bado unajua kwamba uliona gari linalofanana na lake. Ukishasoma jumbe mia mbili zinazosema ni lake, baada ya wiki mbili utakumbuka kwamba lilikuwa lake, na hutakuwa unadanganya. Ndivyo kumbukumbu inavyofanya kazi. Wakili wa utetezi atataka kujua ulisema haya lini kwa mara ya kwanza, na ulikuwa umeona nini kwenye simu kabla ya kuyasema.

Kwa hiyo kaa peke yako uandike kwenye karatasi. Ilikuwa saa ngapi, na ulijuaje: taarifa ya habari, adhana, au uliangalia simu? Ulisimama wapi, na kutoka hapo hadi kwenye gari ni hatua ngapi? Taa ya geti ilikuwa inawaka? Uliona rangi, umbo, au herufi zozote za namba? Ulichoona kiandike mbali na unachokidhania. Kituoni afisa akimaliza kuandika, mwombe akusomee. Pakikosewa parekebishwe na utie sahihi hapo hapo, na usitie sahihi ukurasa ambao hujausoma.

Kama ploti ina kamera, hilo lina haraka kuliko taarifa yako. Mashine ya kurekodi hufuta picha za zamani ili ipate nafasi ya mpya. Kutegemea ukubwa wa diski na wingi wa kamera, nyingine hushika wiki moja tu, nyingine mwezi, na nyinyi mmeshapoteza siku nane. Mwombe mwenye ploti leo hii azime mashine, au diski itolewe na kuwekwa nyingine, mpaka polisi waichukue. Kabla ya kuzima, linganisha saa ya mashine na saa ya simu, muandike tofauti. Kamera nyingi za ploti zina saa isiyo sahihi, na dakika arobaini zinatosha kumweka getini mtu ambaye hakuwepo, au kumwondoa aliyekuwepo. Msirekodi skrini kwa simu na kutumiana: WhatsApp hubana video, na tarehe na saa ya faili ya asili hupotea. Korti huhitaji nakala iliyotoka kwenye mashine yenyewe, pamoja na hati ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, inayotiwa sahihi na mtu anayehusika na mashine hiyo.

Kuhusu picha ya mume: tuseme mlinzi wa ploti ya pili alimwona mwanamume asiyemfahamu akitoka usiku ule. Polisi watataka kumfanyia gwaride la utambuzi, ambapo mshukiwa husimamishwa katikati ya watu wasiopungua wanane wanaofanana naye. Mlinzi akiwa ameshaiona picha kwenye simu, gwaride hilo halina thamani tena. Kama kweli mume ndiye aliyefanya, basi picha yenu inamsaidia yeye.

Ukiogopa kuonekana kituoni, piga 0800 722 203 ya DCI, idara ya upelelezi wa jinai. Haina malipo na si lazima utaje jina. Lakini elewa kwamba simu hiyo huwapa wapelelezi pa kuanzia tu. Kizimbani atahitajika mtu.

SWALI: Dada yangu hajarudi tangu Jumanne. Kituoni niliambiwa nirudi baada ya saa 24. Tumebandika matangazo yenye namba yangu, na sasa kuna mtu anapiga akisema anaye, nimtumie elfu kumi na tano.
Kawangware

JIBU: Pole sana. Hakuna sheria ya Kenya inayomtaka mtu angoje saa 24 kabla ya kuripoti aliyepotea. Saa 24 zilizo katika Kifungu cha 49 cha Katiba ni za mtu aliyekamatwa: hazipaswi kupita kabla hajafikishwa kortini. Rudi sasa hivi. Afisa wa mapokezi akikukatalia, omba kumwona OCS, mkuu wa kituo. Naye akikataa, lalamika kwa IPOA, mamlaka huru inayowasimamia polisi, kupitia 1559. Usitoke bila namba ya OB, kwa sababu kila ofisi utakayoingia baada ya hapo itaiuliza.

Beba picha mbili za karibuni, moja ya uso na moja ya mwili mzima, namba ya kitambulisho chake, laini zake zote ikiwemo ile ya pili ambayo watu huisahau, na boksi la simu kama lipo, kwa kuwa IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe, imeandikwa hapo. Eleza nguo, makovu, meno, dawa anazotumia. Eleza pia habari za ndoa: vitisho, OB za zamani, amri ya ulinzi kama aliwahi kupewa chini ya Sheria ya Ulinzi dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015. Haya usiyaonee haya mbele ya mpelelezi. Mbele ya kamera za waandishi yanyamazie.

Acheni kumpigia kila dakika. Simu yake ikiwa na chaji kidogo, kila mlio unaila. Tumeni ujumbe mmoja. Kampuni ya simu haitakupa wewe rekodi zake. Mpelelezi ndiye anayeomba amri ya hakimu, na kazi yako ni kumuuliza bila kuchoka kama ombi limeshapelekwa.

Gawaneni hospitali: Kenyatta, Mama Lucy, Mbagathi, na ile ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Msiulizie jina lake peke yake. Ulizeni wanawake waliolazwa bila kujulikana, maana aliyeletwa amezimia hana wa kumtaja. Pitieni seli za vituo vya karibu pia. Na mtu mmoja mwenye moyo mgumu aende makafani ya kaunti kule Ngong Road. Asitumwe mama yenu.

Huyo anayeitisha pesa, mwulize kitu anachokijua dada yako pekee na ambacho hakipo Facebook, kwa mfano jina mlilompa ng'ombe wa nyumbani mkiwa wadogo. Tapeli atasema amelala, au chaji inaisha. Usitume hata shilingi mia. Ujumbe wake wa M-Pesa uelekeze kwa 333, namba ya Safaricom ya kuripoti utapeli, na namba yake mpe mpelelezi. Akijibu sawasawa, usijadiliane naye peke yako. Mpelelezi ajue dakika hiyo hiyo.

Badilisheni matangazo. Wekeni namba ya kituo, OB, na laini mpya inayoshikwa na mtu mmoja tu. Na kuna jambo moja ambalo familia nyingi hukosea: huandika kila kitu. Bakisheni alama moja, kama pete au rangi ya soksi, ijulikane na nyinyi na polisi peke yenu. Atakayepiga na kuitaja bila kuulizwa, huyo msikilizeni.

SWALI: Mimi ndiye mume. Tulitengana mwaka jana. Nimehojiwa mara mbili na sijashtakiwa, lakini jina langu liko kila mahali na nyumba ya mama yangu imepigwa mawe. Nina haki gani?
Kasarani

JIBU: Mume aliyetengana na mkewe huhojiwa mapema karibu kila mahali duniani, kwa kuwa yeye ana historia, pengine ana ufunguo, na mara nyingi wamegombania watoto au pesa. Kuhojiwa si kushtakiwa, na Kifungu cha 50 cha Katiba kinakuhesabu huna hatia mpaka ithibitishwe vingine. Katika kesi ya Sawe mwaka 2003 Mahakama ya Rufani ilisema wazi kwamba shaka, hata iwe nzito namna gani, haiwezi kumtia mtu hatiani.

Ila usidhani kwamba kunyamaza ni ngao ya kila hali. Kama wewe ndiye wa mwisho kuonekana naye, korti inaweza kutarajia maelezo kuhusu mambo ambayo wewe pekee unayajua. Tafuta wakili leo, kisha pamoja naye mpe mpelelezi mwendo wako wa siku ile na ya kesho yake, saa kwa saa, ukiambatisha taarifa ya M-Pesa, risiti na majina ya uliokuwa nao. Usifute ujumbe wowote, hata ule wa matusi unaokuaibisha. Usioshe gari, usiuze simu, usiende mashambani bila kumwarifu mpelelezi. Kuharibu ushahidi ni kosa peke yake, na hata asiye na hatia akifanya hivyo amejichongea. Usitoe mahojiano: ukitofautiana na taarifa yako kwa neno moja, litasomwa kortini.

Mawe yaripotiwe leo kituo cha karibu na kwa mama, naye apewe OB yake. Kuhusu kuchafuliwa jina, muda ni mfupi: dai la kashfa hufunguliwa ndani ya miezi 12. Hifadhi picha za skrini zinazoonyesha jina la mwandishi, tarehe, saa na anwani ya ukurasa. Wakili ataanza na barua ya kudai maandishi yaondolewe na uombwe radhi.

SWALI: Nimefuatilia kesi ya Jennifer Dulos wa Marekani. Watu walisema ni mume, na kweli ikawa ni mume. Sasa kwa nini mnatukataza kusema?
Msomaji, South B

JIBU: Tuanze na usahihi. Jennifer Dulos, mama wa watoto watano, alitoweka New Canaan, jimbo la Connecticut, tarehe 24 Mei 2019 baada ya kuwapeleka watoto shule, akiwa katikati ya kesi kali ya talaka. Mumewe, Fotis Dulos, alishtakiwa kwa mauaji Januari 2020 na akafa mwezi huo huo kwa kujiua, kesi haijasikizwa. Hakuna korti iliyowahi kumtia hatiani. Aliyehukumiwa ni mpenzi wake, Michelle Troconis, mwaka 2024, kwa kula njama ya mauaji. Alipewa kifungo cha miaka 14 na nusu. Mwili wa Jennifer haujapatikana.

Kilichofungua kesi hiyo ni mwendo wa simu ya mume, uliowapeleka wapelelezi kwenye kamera za barabara moja ya Hartford. Kamera zilionyesha mtu akitupa mifuko kwenye mapipa ya taka, na vitu vyenye damu ya Jennifer vikapatikana. Fununu haikuchangia hapo. Na kumbuka fununu ilikwenda upande wa pili pia: utetezi ulieneza wazo kwamba huenda mama huyo alijificha mwenyewe ili kumkomoa mumewe, watu wakalipokea, na waliompenda wakalazimika kulikanusha hadharani wakiwa bado wanamtafuta. Hilo ndilo linalotuuma zaidi. Mtaa unaoruhusiwa kukisia hauchagui wa kumuumiza.

Jambo la kufaa kujifunza kutoka huko ni sheria ya Connecticut ya 2021 iliyopewa jina la Jennifer Dulos na la Jennifer mwingine aliyeuawa, inayotambua udhibiti wa mwenzi kama ukatili. Sheria yetu ya 2015 nayo inataja unyanyasaji wa kihisia, wa kiuchumi na kumfuatafuata mtu. Anayeona haya kwa jirani asingoje atoweke: 1195 hupokea simu za ukatili wa kijinsia bila malipo.

SWALI: Nakaa na wajukuu, mmoja ana miaka 6, mwingine 11. Mama yao hajulikani aliko. Baba anawataka, na mtaani watoto wanaambiwa baba yao ni muuaji. Niwafiche?
Nyanya, Dandora

JIBU: Usiwafiche, nyanya. Kikatiba baba na mama wana wajibu sawa, na ukiwaficha utaonekana wewe ndiye mkosaji. Nenda kwa afisa wa watoto wa eneo lako na namba ya OB. Kama una hofu ya kweli juu ya usalama wao, Korti ya Watoto inaweza kukupa amri ya muda ya kukaa nao huku uchunguzi ukiendelea. Simu ya 116, ya msaada kwa watoto, nayo ni ya bure.

Wajukuu waambie ukweli mfupi: "Mama hajapatikana. Polisi wanamtafuta. Hatujui nani alifanya nini." Usiseme amesafiri, yule wa miaka 11 ameshasikia shuleni na ataacha kukuamini. Mwalimu wa darasa ajulishwe, na picha zao zisiwekwe kwenye matangazo.

SWALI: Shangazi ametoweka miaka minne. Benki inataka cheti cha kifo. Tufanyeje?
Kahawa West

JIBU: Kifungu cha 118A cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu korti kumhesabu mtu amekufa kama wale waliotarajiwa kusikia habari zake hawajazisikia kwa miaka saba. Mmebakisha mitatu. Kabla ya hapo, kama kuna sababu za kuamini kwamba amekufa, muulizeni mpelelezi kuhusu uchunguzi wa hakimu juu ya mtu aliyepotea na kudhaniwa kufa, hauhitaji mwili. Wakati huo huo wekeni kila kitu: OB, matangazo, barua za hospitali, tarehe za kila mlikoenda kuuliza. Korti itataka kuona kwamba mlimtafuta. Na siku akijitokeza mlangoni, hata amri ikiwa imeshatolewa, dhana hiyo inaweza kubatilishwa.