Aende, lakini aage kwanza

Swali lenu la wiki hii: kocha wa mpira wa kikapu wa chuo kidogo akifanya maajabu, kisha chuo kikubwa kikamwita, je, ni haki awaache vijana aliowasajili mwenyewe? Jibu langu ni kwamba aende. Ila awaage kwa mdomo wake, na wao wawe huru kuondoka kama yeye.

Nina kisa kimoja cha Marekani ambacho sijaacha kukifikiria tangu Machi 2022. Saint Peter's ni chuo kidogo cha Kikatoliki mjini Jersey City, New Jersey. Katika mashindano ya taifa ya vyuo, timu za kila kanda hupangwa kwa namba 1 hadi 16, na Saint Peter's walipewa namba 15, karibu kabisa na mkia. Mechi ya kwanza wakaitoa Kentucky, bingwa wa taifa mara 8, kwa 85-79 katika muda wa nyongeza. Wakaja Murray State, 70-60. Wakaja Purdue, 67-64. Hakuna timu ya namba 15 iliyokuwa imewahi kufika robo fainali kabla yao. North Carolina ndio waliowasimamisha, tarehe 27 Machi, kwa 69-49.

Tarehe 30 kocha wao, Shaheen Holloway, akatangazwa kuwa kocha wa Seton Hall, chuo kikubwa zaidi. Siku tatu tu!

Wengi walimwita msaliti. Mimi siwezi. Seton Hall ndiko alikosoma na kucheza mpaka mwaka 2000, na ndiko alikofanya kazi ya ukocha msaidizi kwa miaka kadhaa. Mtu anaitwa nyumbani kwao, tena kwa cheo kikubwa, halafu sisi tuliokaa mbele ya televisheni tumwambie abaki? Kinachoniuma ni wakati wenyewe. Nafasi ile ilipatikana tarehe 21 Machi, kocha wa Seton Hall, Kevin Willard, alipohamia chuo cha Maryland, na siku hiyo Saint Peter's walikuwa bado na mechi ya Purdue mbele yao. Vijana wa miaka ishirini wakaingia kwenye mechi kubwa kuliko zote maishani mwao huku jina la kocha wao likitajwa kwingine. Kosa hilo ni la kalenda ya mchezo wenyewe. Vyuo vingeweza kukubaliana kutogusa kocha wa mtu mpaka mashindano yaishe, na sioni kwa nini havifanyi hivyo.

Sisi Watanzania tunapaswa kuwa wa mwisho kuwalaani makocha wanaohama. Jim Calhoun, aliyemlea Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet pale chuo cha Connecticut, wakafika nusu fainali ya taifa mwaka 2009 na Hasheem akachaguliwa wa pili kuingia NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, mwaka huohuo, naye aliwahi kuacha chuo kidogo. Alikaa Northeastern, Boston, miaka 14, akaondoka mwaka 1986. Alimwacha nyuma Reggie Lewis, mchezaji wake bora, akiwa na msimu mmoja wa kumaliza. Lewis alimaliza bila yeye, na Boston Celtics, timu ya NBA, wakamchukua mwaka 1987.

Lakini angalieni sheria ya zama zile. Kocha aliondoka leo na msimu uliofuata akasimama kwenye benchi jipya. Mchezaji akihama, alikaa nje msimu mzima. Hiyo ndiyo dhuluma niliyokuwa nikiisikitikia, si kuhama kwa kocha. Aprili 2021 sheria ikalegezwa, mchezaji akaruhusiwa kuhama mara moja na kucheza papo hapo. Ndiyo maana Saint Peter's walipoachwa, vijana nao walifungasha: KC Ndefo akamfuata Holloway, Daryl Banks akaenda St. Bonaventure, Doug Edert akaenda Bryant. Watu walilia kwamba timu imesambaratika. Ni kweli ilisambaratika, na niliumia kuiona. Hata hivyo kila mmoja aliondoka kwa miguu yake.

Mimi niliwahi kuachwa kwenye mataa. Nilikuwa kidato cha tatu, tuna timu nzuri ya kikapu, na kocha wetu alikuwa anatununulia maji kwa pesa yake. Tukaenda likizo, tukarudi, hayupo. Habari tulizipata kwa mlinzi wa geti. Baadaye nilielewa kwamba alipata kazi bora, na alikuwa na watoto wa kusomesha. Simlaumu kwa kwenda. Mpaka leo, miaka mingi imepita, ninalaumu ile asubuhi ya kumuuliza mlinzi. Dakika kumi uwanjani kabla hatujafunga shule zingetosha.

Vipi kuhusu chuo kinachobaki? Hapa nimebadilika kidogo. Maryland walichukua kocha kwa Seton Hall, Seton Hall kwa Saint Peter's, Saint Peter's wakamchukua Bashir Mason kutoka Wagner, chuo kingine kidogo kule Staten Island. Wagner nao wakamleta Donald Copeland, aliyekuwa kocha msaidizi Seton Hall. Nilidhani wadogo ndio watakaobaki na makombo. Machi 2024 Saint Peter's na Wagner wote wawili walikuwa ndani ya mashindano ya taifa, na Seton Hall aliachwa nje, akaenda kushinda kombe la pili kwa hadhi, NIT. Chuo kina miaka mingine ya kujaribu. Mchezaji ana michache tu.

Ninaowakumbuka zaidi katika kile kikosi ni Hassan na Fousseyni Drame, ndugu mapacha kutoka Bamako, Mali. Kwa kijana aliyevuka bahari akiwa na pacha wake tu, kocha huwa karibu na mzazi. Nao walihama, pamoja, wakaenda La Salle, chuo kilichoko Philadelphia, jiji lilelile walikomfunga Purdue.