“Kwani amesema nini?” Kwa wote mnaoshuti tamthilia

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Morogoro aliniandikia. Yeye na wenzake wanashuti tamthilia yao na kuiweka YouTube. Hadithi ni nzuri, waigizaji wanajituma, ila chini ya kila sehemu maoni ni yale yale: sauti haisikiki, muziki umezidi, kwani huyo baba amesema nini? Akaniuliza, “Dada, ninunue maiki gani?”

Nilimpigia simu tukaongea hadi salio likakata. Najua wengi mnaonisoma mna ndoto ya kuona kazi zenu kwenye runinga, kwa hiyo naliweka jibu hapa. Na leo nina nguvu ya kuandika. Tamthilia niliyorekodi sauti mwaka jana imeanza kurushwa, na shangazi yangu wa Tanga, mtu mzima wa zaidi ya miaka 70, alinipigia baada ya sehemu ya kwanza akanisimulia kisa chote, mpaka yale maneno mke mdogo anayomnong'oneza wifi yake jikoni. Ameyasikia! Machozi yalinitoka, maana najua yale maneno yalivyopatikana.

Mimi nilianza kama mshika buum, ile fimbo ndefu yenye maiki nchani. Kwenye seti waliniita “dada wa fimbo”. Taa zikipangwa asubuhi nzima, hakuna anayelalamika. Mimi nikiomba dakika tano friji lizimwe na jenereta lisogezwe nyuma ya ukuta, watu wanaanza kuguna. Halafu inakuja ile sentensi ambayo hadi leo ikitamkwa mbele yangu naumia: “Endelea tu, tutarekebisha kwenye editi.”

Kuna kazi moja sitaisahau. Nyumba ilikuwa ya kupangisha kule Mbezi, nzuri kwa macho: taili sakafuni, vioo kila upande, dari la jipsamu, hakuna pazia hata moja. Ukikohoa sebuleni, kikohozi kinazunguka kuta zote kabla ya kukurudia. Mzee anakata roho, wanawe wamemzunguka, anatamka kwa sauti ya chini neno ambalo hadithi yote imelisubiri: “Salma hatarithi nyumba hii.” Dairekta alitaka picha pana, kwa hiyo maiki yangu ilisukumwa mbali. Maiki ikiwa umbali mara mbili kutoka mdomoni, sauti ya mdomo inashuka kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 6 hivi, huku mwangwi wa chumba na muungurumo wa nje vikibaki vile vile. Nikasema neno limepotea, turudie. Dairekta akavaa hedifoni zangu, akasikiliza, akanitazama kama msumbufu. “Mbona mimi nasikia vizuri kabisa?”

Ni kweli alisikia. Aliyeiandika ile sentensi ni yeye.

Sauti ya “h” ni pumzi tu, haina nguvu yoyote, na kwenye chumba kile ilimezwa nzima. Watazamaji wakasikia “Salma atarithi nyumba hii.” Sehemu zilizofuata Salma wa watu anafukuzwa na mabegi yake, na watu mtandaoni wanauliza kwa nini ndugu wanakiuka wosia wa marehemu. Hakuna aliyenifuata kuniambia, “Dada, ulisema.” Lawama zilikuja kwangu: sauti mbovu.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo nataka ulishike kuliko jina la maiki yoyote. Mwandishi anayajua maneno. Mwigizaji ameyakariri. Dairekta ameyasikia kwenye mazoezi. Anayefanya editi ameyarudia mpaka anayaota. Ubongo wa mtu anayejua sentensi unajaza herufi zilizopotea bila yeye kujijua. Kwa hiyo katika timu yako nzima, hakuna mwenye masikio ya mtazamaji. Hakuna! Na nyote mtaapa kwamba inasikika.

Tena hili halitokani na umaskini wa vifaa vyetu. Aprili 2014 BBC ilirusha tamthilia iitwayo Jamaica Inn, yenye bajeti ambayo sisi tunaiota tu, na malalamiko zaidi ya 2,000 yakamiminika kwamba waigizaji wanamumunya maneno. Wale wana kila maiki unayoitamani. Ndiyo maana kijana wangu nilimwambia: maiki uliyo nayo inatosha, isogeze karibu na mdomo. Akaniuliza tena kuhusu maiki. Nikamwambia tena: isogeze karibu.

Upo pia upande wa nyumbani kwa mtazamaji. TV ya chogo ilikuwa na tumbo, na spika nyingi zilitazama mbele. Hizi bapa zina spika ndogo zilizofichwa chini au nyuma, sauti inagonga ukuta kwanza ndipo ikufikie. Irabu zina nguvu, zinafika. Konsonanti kama “s”, “f”, “t” na “k” ndizo zinazotenganisha neno na neno, nazo ziko kwenye sauti za juu, kuanzia hertzi 2,000 na kuendelea. Hizo hizo ndizo masikio ya wazee wetu yanaanza kupoteza kwanza. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya robo ya watu waliopita miaka 60 wana upungufu wa kusikia wa kiwango cha kuwalemaza. Sasa wewe unamwekea bibi kinanda cha huzuni juu ya mazungumzo, feni inazunguka kichwani kwake, mvua inapiga bati. Unategemea asikie nini?

Ukiwa mtazamaji, ingia kwenye mipangilio ya sauti ya TV yako. Kama kisimbuzi kinatoa sauti ya spika sita na wewe una mbili, chagua stereo, kwa sababu katika ule mfumo wa sita mazungumzo hupitia zaidi spika ya katikati, ambayo huna. Zima vikorombwezo vya “sinema”. Kama kuna chaguo la kukuza mazungumzo, liwashe. Basi.

Ninyi wenzangu wa kazi ndio nataka kuwasema. Editi haiwezi kurudisha herufi ambayo haikurekodiwa. Inaweza kupunguza muungurumo, inaweza kukuza kilichopo, lakini “h” ya yule mzee haikuwemo. Tandika mablanketi na mazulia pale kamera haioni. Zima friji, na ufunguo wa gari uweke ndani ya friji hilo ili usiondoke bila kuliwasha nyama ya wenyewe ikaoza. Rekodi ukimya wa chumba nusu dakika kabla hamjahama, editi ipate cha kuzibia mapengo. Mwigizaji akinong'ona, maiki iwe karibu. Akipayuka, bado iwe karibu.

Na kazi ikiisha, mtafute mtu ambaye hajasoma skripti. Asiwe mchumba wako uliyemsimulia hadithi yote. Awe jirani, fundi, mama muuza vitumbua, na akiwa mtu mzima ndiyo bora zaidi. Mkalishe mbele ya TV ya kawaida, siyo spika zako za studio, umwombe arudie kila alichosikia. Akisita, hapo pana shida, hata kama masikio yako yanabisha. Ile sehemu ya jikoni aliyonisimulia shangazi tuliirudia kwa sababu mlinzi wa jengo tulilofanyia editi alisita. Dairekta wa kazi hii alikubali tukarekodi upya, na kwa hilo nitamheshimu daima.

Acheni pia kumwita mtu wa sauti siku ya kushuti, mkamtupia fimbo na kumwambia asionekane kwenye picha. Mchukueni siku mnayokwenda kukagua nyumba. Apige makofi sebuleni asikilize mwangwi. Aulize kama jirani ana karakana ya kuchomelea, kama bodaboda zinaegesha dirishani, adhana inasikika saa ngapi ili ratiba iipishe. Na akisema nyumba hii haifai, mumsikilize hapo hapo, kabla hamjamlipa mwenye nyumba.