Muulize Shangazi Nesi: "Mwanangu anakunywa methadoni, ataacha lini?"

Wiki hii meseji nyingi zimekuja kuhusu methadoni, ile dawa ya maji wanayokunywa waraibu wa heroini (ndo huo unga) kila siku hospitali. Nimechukua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu maana shauri kama lile analopewa huyu mama limeshaua vijana wengi.

Shangazi, habari za kazi. Niko Temeke, kijana wangu wa kwanza alikuwa kwenye unga miaka mingi, ameniuzia mpaka masufuria. Sasa hivi anakunywa methadoni kila asubuhi, kanenepa, anaoga, ananisaidia gengeni. Shida ni mjomba wake, anasema huyu bado teja tu, kaacha unga wa mtaani kahamia wa serikali, anataka ampeleke shamba Handeni akae bila dawa mpaka damu isafishike. Na mimi nauli ya kila siku imenishinda. Hii dozi anaimaliza lini?

Mama, pole na hongera kwa pamoja, maana kijana kufika hapo si jambo dogo. Naomba nianze na hili: usimtoe kwenye dawa ukampeleka shamba. Mwambie kaka yako kwa heshima zote lakini usimtoe.

Unga ukiingia mwilini unampandisha mtu haraka, masaa machache umeshaisha, hapo arosto inaanza, miayo, makamasi, jasho la baridi, tumbo linakata, anaharisha, mifupa inauma mpaka analia. Kwa hiyo huyo unayemuona anatafuta kete asubuhi, mchana na usiku hatafuti starehe tena, starehe iliisha zamani, anakimbia arosto, na ndo hapo masufuria yanapoondoka. Methadoni inanywewa, inaingia taratibu na inakaa mwilini siku nzima na zaidi, arosto haimpati na ile stimu ya unga haipati. Tena akishafika dozi inayomtosha, hata akijaribu unga pembeni hausikii kama zamani. Mjomba anasema kweli kwamba dawa zote mbili ziko familia moja na kwamba mwili unaizoea methadoni, hilo hatumfichi mtu, lakini angalia maisha yenyewe. Mmoja anaiba ili ajidunge na sindano waliyochangia watu watatu, apate ukimwi na homa ya ini, mwingine anakunywa kikombe chake asubuhi halafu anaenda kupanga nyanya kwa mama yake. Hawa wawili hawafanani hata kidogo. Shirika la Afya Duniani liliiweka methadoni kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005, na sisi Tanzania tulianza Muhimbili mwaka 2011, halafu Mwananyamala, halafu hapo hapo kwenu Temeke.

Siku moja ukipata nafasi msindikize ukaone pale dirishani. Anatajwa jina, anatambuliwa, nesi anamwangalia usoni kwanza, kalewa? anasinzia? Kama yuko sawa anamiminiwa kipimo chake kwenye kikombe kidogo, anameza pale pale mbele ya nesi, anaongezewa maji anakunywa, halafu anaongeleshwa mawili matatu, "nyumbani vipi, umelala vizuri?", hiyo siyo stori tu, nesi anahakikisha dawa imemezwa haikubaki mdomoni ikaenda kuuzwa nje. Kila siku hivyo, mpaka Jumapili na sikukuu.

Sasa kuhusu kumaliza. Mama, hii si dozi ya malaria ya siku tatu, hakuna tarehe ya kumaliza iliyoandikwa kwenye kadi. Wanaoacha kabla ya mwaka wengi wao wanarudi kwenye unga. Anayetaka kuacha anakaa na daktari wake, wanapunguza kidogo kidogo kwa miezi, wakiona arosto inarudi wanasimama hapo hapo, na wapo wanaobaki nayo miaka mingi wanafanya kazi, wameoa, wanalea. Mi ningekuomba usihesabu miezi, hesabu kama analala nyumbani, kama pesa ya genge inatimia jioni, kama mnaongea.

Na hili la damu kusafishika ndilo linaloniumiza roho. Arosto yenyewe ya unga makali yake yanapita kama wiki hivi (ya methadoni ndo inachukua muda zaidi) na mtu anaonekana mzima kabisa, familia inashangilia, lakini ile hamu iko kichwani na inakaa muda mrefu sana. Mwili nao ukikaa bila dawa unapoteza uzoefu. Siku anarudi mjini kutoka shamba, au katoka jela, au katoka soba hausi (nyumba wanakokaa kuacha unga), anakutana na wenzake maskani anapiga kiasi kile kile alichokuwa anapiga zamani, mwili hauwezi tena, pumzi inakata. Hao ndio wanaokutwa asubuhi wamelala hawaamki, na watu wanasema kazidisha, kumbe kapiga kile kile cha siku zote. Mwambie mjomba hivyo hivyo.

Kama ni lazima ahame mji, hilo linawezekana, kliniki inaandika barua ya uhamisho yenye dozi yake na siku aliyokunywa mara ya mwisho. Zipo Tanga pale Bombo, Dodoma, Mbeya, Mwanza, na Unguja pale Kidongo Chekundu. Ila kukaa Handeni halafu aende Tanga mjini kila siku, hapana jamani, hiyo atachoka wiki ya kwanza.

Nauli ndo kikwazo cha kweli na wala siidharau, dawa yenyewe ni bure lakini daladala si bure. Ongea na ustawi wa jamii wa pale kliniki, uliza pia kama wana utaratibu wa dozi za nyumbani kwa waliotulia. Akipewa, iwekwe kwenye sanduku lenye kufuli, mtoto mdogo akiionja hata kidogo inaweza kumuua. Na ikitokea kakosa siku tatu mfululizo asije akalazimisha dozi yake ile ile, aseme ukweli apimwe upya.

Shangazi shikamoo. Niko Mombasa, dozi yangu ilikuwa imenikaa sawa kabisa, mwezi uliopita nikapatikana na TB nikaanza tembe. Tangu hapo usiku naamka na arosto, jasho, miguu haitulii. Naogopa kuomba niongezewe wataniona nataka kulewa. Nimeanza kuwaza nirudi kwa unga usiku tu.

Marahaba mwanangu, usirudi, huna kosa lolote. Ndani ya tembe za TB kuna dawa inaitwa rifampisini, inaliamsha ini liichome methadoni haraka kuliko kawaida, kwa hiyo dozi uliyokuwa unakaa nayo mpaka kesho asubuhi sasa inaisha usiku. Madaktari wanalijua hili, ni la kwenye vitabu. Kesho asubuhi kabla hujameza waambie pale dirishani "nimeanzishwa dawa za TB", na kadi ya TB uwe nayo mkononi, watakupandishia kidogo kidogo wakikuangalia. Usiache tembe za TB kwa ajili hii. Na ukizimaliza, kwa kawaida baada ya miezi 6, rudi uwaambie tena, maana ini likitulia ile dozi iliyopandishwa itakuwa kubwa mno kwako na itakulaza. Baadhi ya dawa za virusi vya ukimwi, kama efavirenzi, nazo zinafanya hivyo hivyo, kwa hiyo dawa yoyote mpya, hata ya kifafa, taja.

Da nesi, mi natumia methadoni na nimegundua nina mimba ya miezi mitatu. Mume wangu anataka niache leo leo mtoto asizaliwe teja.

Usiache mdogo wangu. Kukata ghafla kunaweza kuitoa mimba au ukajifungua kabla ya wakati, na ukirudi kwenye unga ndo balaa kubwa zaidi kwa wote wawili. Methadoni ndiyo matibabu yanayoshauriwa kwa mjamzito mwenye uraibu huu. Wambie kliniki ya methadoni una mimba na waambie kliniki ya wajawazito uko kwenye methadoni, usimfiche hata mmoja. Miezi ya mwisho huenda dozi ikahitaji kupanda au kugawanywa mara mbili kwa siku, usishtuke. Mtoto anaweza kuwa na arosto siku za kwanza, analia sana, anatetemeka, kunyonya kunamsumbua, ndo maana ukajifungulie hospitali ukae naye pale waangalie, inatibika na inapita. Kumweka kifuani na kumnyonyesha kunamtuliza, na methadoni inayopita kwenye maziwa ni kidogo sana. Kama una virusi vya ukimwi uliza kwanza wakupangie unyonyeshaji. Na mume wako aje naye siku moja aulize mwenyewe, wanaume wengi wakielezwa wanaelewa.

Mambo shangazi, mshkaji wangu kaanza methadoni wiki hii, anasema haimtoshi kabisa, anaongezea valiamu na konyagi ili alale. Iko poa?

Haiko poa, mzuie leo. Dozi ya mwanzo inakuwa ndogo makusudi, kama miligramu 20 mpaka 30, na dawa inajikusanya mwilini siku baada ya siku, kwa hiyo wiki mbili za kwanza ndo za hatari kuliko zote hata kama yeye anajisikia haijafika. Ukiweka valiamu na pombe juu yake zote zinalaza pumzi kwa pamoja. Aende aseme haimtoshi, watampandishia. Na wewe unayekaa naye, ukimkuta anakoroma kwa mkoromo usio wa kawaida, midomo imebadilika rangi, unamwita haamki, usimwache "alale tu", mlaze ubavu, piga kelele watu waje, mkimbizeni hospitali, kuna sindano ya naloksoni inayomrudisha. Hata akizinduka abaki hospitali, kwa sababu naloksoni inaisha mapema na methadoni bado ipo.